Mtambo wa mvuke mezani: shajara ya modeli ya 1:87

Januari: mchoro, na mnara usiokuwepo

Mchoro umekamilika. Ubao una urefu wa mita 3.6 na upana wa sentimita 90, na kila kitu juu yake ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Reli inaingia upande wa kushoto. Kiwanda cha kemikali kiko kulia, na sehemu yake kubwa ni picha tu ya minara na matangi iliyobandikwa ukutani. Katikati ndipo panapokaa kitu ninachokijenga kweli: mtambo wa makaa ya mawe unaokihudumia kiwanda hicho. Kipindi ni mwishoni mwa miaka ya 1980. Nchi sijaitaja, kwa sababu nataka uhuru wa kuokota vitu vizuri kutoka pande zote.

Kila aliyeuona mchoro ameuliza mnara wa kupozea maji uko wapi, ule mpana chini na uliobanwa kiunoni. Umbo hilo ni kazi ya Waholanzi wawili, Frederik van Iterson na Gerard Kuypers, na mnara wao wa kwanza ulisimama kwenye mgodi wa makaa wa Emma, Uholanzi, mwaka 1918. Tangu hapo mtu akiuona kwa mbali anajua panazalishwa umeme. Mimi siujengi, na sababu ya kutoujenga ndiyo iliyonivuta kwenye mradi huu.

Mtambo wa umeme pekee huugeuza mvuke kuwa maji ndani ya kondensa ili turbini, mashine inayozungushwa na mvuke, ipate nguvu yote inayoweza kupatikana. Joto linalobaki, karibu nusu ya lile lililokuwamo kwenye makaa, hutupwa hewani kupitia mnara. Mtambo wa kiwanda cha kemikali una shughuli nyingine. Mvuke unatoka kwenye turbini ukiwa bado na presha, unaingia mabombani, na unakwenda kuchemsha, kukausha na kutenganisha vimiminika. Kondensa ni kiwanda chenyewe. Ndiyo maana mtambo wa namna hii unaweza kutumia asilimia 80 hivi ya joto la makaa, wakati wa umeme pekee wa enzi hiyo ulihangaika kufika 40.

Kwa hiyo kanuni ya modeli hii ni moja: mvuke ndiyo bidhaa, umeme unapatikana njiani. Mtazamaji akiondoka anakumbuka nguzo za umeme kuliko mabomba, nimeshindwa.

Januari, bado: hesabu kabla ya gundi

Wajenzi wengi wa modeli huanza na boksi la vipande vya kuunganisha, halafu hutafuta hadithi ya kulifaa. Nimeanza upande wa pili. Kiwanda changu kinadai tani 300 za mvuke kwa saa, nusu kwenye mtandao wa bar 16 na nusu kwenye mtandao wa bar 5 (bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida). Boila zinatoa mvuke wa bar 100 kwenye nyuzi 530. Kuupata kutoka kwenye maji yaliyokwisha kupashwa hadi nyuzi 200 kunahitaji kama megajuli 2.6 kwa kilo. Makaa mazuri yana megajuli 25 kwa kilo, na boila inakamata asilimia 90 ya hizo. Kilo moja ya makaa inatoa zaidi kidogo ya kilo 8.5 za mvuke.

Jibu: tani 35 za makaa kwa saa, au tani 830 hivi kwa siku. Behewa la ekseli nne likibeba tani 60, hayo ni mabehewa 14 kila siku, sikukuu au si sikukuu, maana kiwanda cha kemikali hakilali. Turbini zinatoa kati ya megawati 40 na 50 za umeme. Joto linaloingia kiwandani ni karibu megawati 200. Namba hizo mbili nimezibandika juu ya meza, na kila nikishawishika kuongeza transfoma nyingine nazitazama.

Mabehewa 14 kwenye skeli hii ni mita 1.9 za treni, zaidi ya nusu ya ubao. Njia ya kushushia inapokea saba tu, kwa hiyo treni itakatwa vipande viwili. Sioni hasara hapo. Kukata treni na kupanga mabehewa ndiyo kazi ninayotaka kuicheza.

Februari: makaa

Shimo la kushushia limekamilika. Mabehewa yanafunguka chini, makaa yanaanguka kwenye shimo lenye wavu wa chuma, mkanda unayapokea. Wavu nimeutengeneza kwa matundu ya sentimita 30 za ukubwa halisi, ambayo ni milimita 3.4 hapa mezani. Ni kazi ya macho na subira, hakuna zaidi ya kusema.

Mkanda ndio ulionipa shida ya kufikiri. Makaa hayapandi mlima atakavyo mjenzi. Ukiuinua mkanda kupita nyuzi 16 au 18 yanaanza kurudi chini yenyewe. Mdomo wa maghala yaliyo juu ya boila uko mita 35 kutoka ardhini. Kwa nyuzi 16 mkanda unahitaji mita 122 za ardhi kabla ya kufika huko, sawa na mita 1.4 za ubao wangu. Modeli nyingi za mitambo huliruka jambo hili. Mkanda unapanda kama ngazi, jicho linasumbuka bila kujua linasumbuliwa na nini.

Nimeuvunja mkanda vipande viwili. Unapanda kutoka shimoni hadi mnara wa kupokezana, hapo unageuka nyuzi 90, kisha unapanda tena nyuma ya nyumba ya boila. Mnara huo una kazi halisi: ndani yake kuna sumaku ya kunasa vipande vya chuma, chekeche na kiponda makaa. Mtazamaji hataviona, lakini mnara una upana unaovitosha.

Rundo la akiba limenifundisha unyenyekevu wa nafasi. Akiba ya siku 30 ni tani 25,000, na kwa kimo cha mita 8 ingekula kipande cha ubao nisichoweza kukitoa. Nimejenga ya wiki moja. Kilele nimekifanya bapa, na mgongo wake una alama za tingatinga, maana rundo halisi hushindiliwa. Makaa yaliyolegea yanapitisha hewa, hewa inayapasha polepole, na rundo linaweza kuwaka katikati bila mtu kuligusa kiberiti. Anayejenga rundo lenye ncha kali ajue kwamba zimamoto wa mtambo wake watalalamika.

Nimetumia makaa halisi yaliyotwangwa na kuchekechwa. Hung'aa kupita kiasi, kwa hiyo yamepuliziwa varnishi isiyong'aa.

Machi: nyumba ya boila

Boila ni tatu, kila moja tani 150 kwa saa. Mbili zinatosheleza kiwanda. Ya tatu ipo kwa ajili ya matengenezo na dharura. Hapa pana tofauti nyingine na mtambo wa umeme pekee, ambao hupenda boila moja kubwa kwa turbini moja kubwa. Gridi ya umeme ikipoteza mtambo mmoja, mingine inaziba pengo. Kiwanda cha kemikali kikipoteza mvuke, hakuna jirani wa kukikopesha. Bila mvuke wa kuzipasha, kemikali kama fenoli iliyomo kwenye bomba huganda kwenye nyuzi 41, naftaleni kwenye 80, na bomba lililoganda halifunguki kwa kuombwa.

Kwa hiyo nyumba ni pana na fupi kidogo kuliko picha iliyozoeleka. Kimo chake ni sentimita 52. Kuta ni shiti za plastiki zenye mistari ya bati, na ukuta mmoja nimeuacha wazi kama unaotengenezwa ili boila ya tatu ionekane ndani.

Boila yenyewe haikukaa sakafuni. Imening'inizwa kutoka kwenye mihimili ya juu kwa fimbo za chuma, kwa sababu ikipata moto inarefuka kuelekea chini. Boila ya mita 40 ambayo kuta zake zinapanda kwa nyuzi 300 inaongezeka sentimita 14 hivi. Ukiisimamisha sakafuni, urefu huo utasukuma kila bomba lililoungwa juu. Kwenye modeli nimeacha nafasi chini ya boila, na fimbo 24 za waya wa shaba juu yake. Mtu mmoja tayari ameniuliza kama nimesahau kuweka msingi. Nilifurahi sana kuulizwa.

Juu ya paa kuna vizuia-kelele vya vali za usalama, mapipa mafupi manene yanayotazama juu. Rangi ni kijivu chenye kutu kuzunguka midomo.

Dohani ni suala la dari. Mita 120 halisi ni sentimita 138 mezani, na chumba changu kinakataa. Nimeikata hadi sentimita 90. Nimejiwekea sheria kuhusu kupunguza vipimo: chochote mtu anachokipita, anachokipanda au anachokishika kwa mkono kinabaki kwenye skeli kamili. Milango, ngazi, reli za kushikia, vipenyo vya mabomba na magurudumu ya vali haviguswi. Vimo na umbali vinaweza kubanwa. Jicho husamehe dohani fupi, lakini mlango mdogo halisamehi.

Aprili: moshi

Kichujio cha umeme kimekaa kati ya nyumba ya boila na dohani: sanduku refu lenye faneli za kukusanyia vumbi chini yake na transfoma juu ya paa. Ndani, moshi hupita kati ya bamba ambazo katikati yake zimening'inizwa waya zenye makumi ya maelfu ya volti, vumbi linapata chaji na kunata kwenye bamba, kisha nyundo zinazigonga bamba ili vumbi lianguke. Mbunifu wake, Mmarekani Frederick Cottrell, hakuanza na majivu ya makaa. Alikuwa anatafuta namna ya kunasa ukungu wa asidi ya salfuriki kwenye viwanda vya asidi, na alipata hataza mwaka 1908. Kifaa kilizaliwa kiwanda cha kemikali, kikahamia kwenye mitambo ya umeme, na hapa kimerudi nyumbani.

Makaa yangu yana majivu asilimia 10, kwa hiyo tani 83 kwa siku. Boila za makaa yaliyosagwa kuwa unga hutoa sehemu kubwa ya majivu hayo pamoja na moshi, kidogo tu huanguka chini ya tanuri. Silo, yaani ghala la mnara, ya majivu laini lazima iwe kubwa kuliko sanduku la majivu ya chini. Nimeona modeli nyingi zilizofanya kinyume.

Halafu salfa. Nilisita kama nijenge kisafishio au niuache mtambo katika hali ya zamani. Kilichoamua ni reli. Ujerumani Magharibi ilipotoa kanuni ya mwaka 1983 iliyoilazimu mitambo mikubwa kuondoa salfa kwenye moshi, mitambo mingi ililazimika kuongeza jengo zima pembeni, na jengo hilo linakula na kutapika mabehewa. Mawe ya chokaa yaliyosagwa na kuchanganywa na maji hunyunyiziwa kwenye moshi, yanashika dioksidi ya salfa, na baada ya kupulizwa hewa yanakuwa jasi, ile ile inayotengenezewa mbao za kuta. Kwa makaa yenye salfa asilimia 1, hesabu inanipa tani 25 hivi za chokaa zinazoingia kila siku na tani zaidi ya 40 za jasi zinazotoka. Behewa moja la chokaa ndani, moja la jasi nje, mara kwa mara mawili. Mjenzi wa reli anayekataa zawadi hiyo ana sababu zake.

Jengo ni jipya kuliko mengine, kwa hiyo bati lake halijachakaa na rangi yake haifanani na ya nyumba ya boila. Viungo vya mfereji wa moshi vinaonyesha wazi kwamba viliungwa baadaye: mfereji unatoka, unazunguka nguzo iliyokuwepo, unarudi. Nimelichora hilo makusudi.

Mei: mabomba

Mwezi mzima umekwenda hapa, na mwingine ungekwenda bila kujuta.

Vipenyo kwanza. Mvuke wa bar 5 ni mwepesi. Tani 150 zake kwa saa ni mita za ujazo 16 hivi kila sekunde. Ukiupitisha kwa kasi ya mita 35 kwa sekunde unahitaji bomba la karibu sentimita 77, na ukilivalisha pamba ya kuzuia joto na bati linafika mita moja. Mezani ni milimita 11.5. Wa bar 16 umebanwa zaidi, bomba lake pamoja na koti ni kama sentimita 70, yaani milimita 8. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba mvuke dhaifu ndio wenye bomba nene. Bomba la tatu, jembamba kabisa, linarudisha maji ya mvuke uliokwisha kupoa.

Daraja la mabomba linavuka barabara na njia mbili za reli kabla ya kuingia kwenye picha ya ukutani. Nguzo zake ni chuma cha umbo la H, na hapo juu kuna sehemu mbili za kazi ambazo usipozijua utazijenga zote kwa namna moja. Nguzo chache zimelishika bomba kabisa. Nyingine zote zinalibeba tu, bomba limekaa kwenye kiatu kinachoteleza. Chuma hurefuka milimita 12 kwa kila mita 10 joto likipanda nyuzi 100, kwa hiyo bomba la mita 100 linalotoka nyuzi 20 hadi 220 linaongezeka sentimita 24. Urefu huo lazima uende mahali. Unaenda kwenye zile kona za U zinazonyanyuka au kulala pembeni, ambazo watu hudhani bomba limekwepa kitu. Nimeweka tatu, kila moja katikati ya nguzo mbili zilizoshika. Kona iliyokaa karibu na nguzo iliyoshika haifanyi kazi yake vizuri, na mhandisi akipita atacheka.

Koti la bati nimelipaka kijivu cha alumini iliyochoka, kwa mistari ya viungio kila milimita 11. Rangi ya fedha ya dukani inaangaza kama sufuria mpya na inaharibu kila kitu kilicho karibu.

Mabomba yote yana mteremko mdogo kufuata mwendo wa mvuke, na kila mahali palipo chini pana kijibomba cha kutolea maji. Maji yakilala ndani ya bomba, mvuke unayasukuma kwa kasi yake wenyewe hadi yapige kona au vali, na kishindo hicho kimevunja vali nyingi na kuua watu. Mteremko wangu ni milimita chache kwenye mita nzima, hauonekani. Upo.

Kwenye kijibomba kimoja nimeweka uvujaji kwa nyuzi za pamba. Pamba haianzii kwenye tundu, inaanza milimita 4 mbele yake. Mvuke wenyewe hauonekani. Wingu jeupe ni matone, na hutokea baada ya mvuke kukutana na hewa baridi. Waliowahi kufanya kazi karibu na mabomba haya huogopa zaidi ile nafasi tupu kuliko wingu.

Kando ya nyumba ya turbini kuna kituo cha kupunguzia presha: vali kubwa mbili zenye kinyunyizio cha maji, sambamba na turbini. Turbini ikizima ghafla, mvuke unapita hapo, unashushwa presha na joto, na kiwanda hakihisi zaidi ya mtikisiko. Kwa macho ni vali mbili na mabomba yaliyopinda, si kitu. Nimekiweka mbele kabisa ya ubao, pale ambapo wengine wangeweka uwanja wa transfoma. Uwanja wa transfoma uko nyuma ya nyumba ya boila, unaonekana nusu.

Juni: kichwa kisicho na moto

Nani anayasogeza mabehewa? Dizeli ingefaa, na mitambo mingi inaitumia. Lakini palipo na mvuke wa bure na hewa inayoweza kuwaka, viwanda vya kemikali kwa muda mrefu vilipenda kichwa cha treni kisicho na tanuri. Badala ya boila kina tangi kubwa lililovikwa koti. Tangi linajazwa maji ya moto sehemu kubwa, kisha mvuke wa mtambo unaingizwa hadi presha ipande. Kikianza kazi, mvuke unachotwa, presha inashuka, na sehemu ya maji inachemka yenyewe na kuujaza mvuke upya. Kinafanya kazi kwa saa kadhaa bila cheche hata moja, kisha kinarudi kujazwa. Karakana ya Meiningen, Ujerumani Mashariki, ilikuwa bado inaviunda vipya katika miaka ya 1980, kwa hiyo kipindi changu kiko salama.

Kituo cha kujazia ni nguzo moja, mkono wa bomba unaozunguka, vali, na banda la fundi. Kimeungwa kwenye mstari wa bar 16, na mfuatiliaji mwenye bidii anaweza kulifuata bomba lake kwa kidole hadi nyumba ya turbini. Kanuni ya mchezo nimeifanya iwe hivi: baada ya kupanga mabehewa saba, kichwa lazima kisimame hapo kabla ya kuchukua saba ya pili. Chenyewe kinaendeshwa na mota ya umeme iliyofichwa ndani ya tangi. Hilo kila siku linanichekesha.

Wapenda reli wenzangu watafurahia hili pia: mtambo wa Schkopau, Ujerumani, ulioanza kazi mwaka 1996, unapeleka mvuke kwenye kiwanda cha kemikali jirani, na wakati huo huo una mashine ya kuzalisha umeme wa hertz 16.7, masafa maalumu ya reli za huko, kwa ajili ya treni za umeme. Ni mkubwa mara nyingi kuliko wangu na umechelewa kwa kipindi changu. Lakini wazo la mtambo mmoja unaolisha kiwanda na reli limeshaanza kunisumbua kuhusu ubao unaofuata.

Julai: maji, na yaliyobaki

Nyumba ya kusafishia maji imesimama wiki hii. Ni kubwa kuliko nilivyodhani ingehitajika, na kubwa hivyo ni sahihi: sehemu ya mvuke inaishia ndani ya bidhaa au inachafuliwa na hairudi, kwa hiyo maji mapya lazima yaingie bila kukoma, na boila ya bar 100 haivumilii chumvi. Maji hupitishwa kwenye chembe za resini zinazoshika chumvi, na resini ikichoka huoshwa kwa asidi ya hidrokloriki na kostiki soda. Vyote viwili vinatoka kiwandani kwangu. Vijibomba viwili vyembamba vinarudi kutoka kwenye picha ya ukutani hadi kwenye matangi mawili madogo yaliyozungushiwa ukuta, mabomba pekee kwenye daraja yanayokwenda kinyume ukiacha lile la maji yaliyopoa. Nimeyapaka rangi tofauti na kuweka kibao cha onyo kando.

Bado sijaunga taa za nyumba ya turbini, silo ya jasi haina ngazi, na ukuta ulio wazi wa boila ya tatu unahitaji jukwaa la mafundi na wafanyakazi wawili watatu. Mabehewa ya chokaa yamepakwa rangi lakini hayajachakazwa. Jaribio la treni kamili ya mabehewa saba litafanywa baada ya kurekebisha kiungio kimoja cha reli mbele ya shimo, pale ambapo gurudumu la nyuma la behewa linaruka likipita taratibu.

Picha za daraja la mabomba nitaziweka nikimaliza vibao vya namba kwenye vali. Ni 38, na kila kimoja kina namba yake.